Kable, wifi ao simu: ginsi ordinatere ya Linux inachagua njia ya intaneti, na kwa nini mega zinaisha mbio

Mtu anafungua ordinatere, alama ya wifi imejaa, lakini hata ukurasa mmoja haufunguki. Mwingine ananunua forfe asubuhi, na mbele ya saa sita mega zote zimekwisha, hata video moja hajatazama. Kwa wale wanaotumia Linux mu Goma, Bukavu, Bunia, Beni, Kisangani ao Kalemie, mambo haya mawili mara mingi yanatoka pahali pamoja: mashine imechagua njia ya intaneti yenyewe, na mwenyewe hakujua ni njia gani. Kujua ginsi inachagua, na ginsi ya kuiamuru, kunaokoa franga na kunaokoa kazi: ripoti ya mwezi ya kituo cha afya, memware ya mwanafunzi, sauti ya habari inayongojewa ku studio.

Kwa nini Linux inaonekana zaidi sasa

Linux ni msingi wa programu ulioanzishwa na Linus Torvalds, kijana wa Finland, mwaka 1991. Haiuzwe, na kila mtu ana ruhusa ya kuikopi na kuigawia wengine. Kati ya aina zake, Ubuntu ndiyo inajulikana zaidi kwetu. Ilitoka mwaka 2004 kwa nguvu za Mark Shuttleworth, mtu wa Afrika Kusini, na jina lake linaeleweka bila mkalimani.

Tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 2025, Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10. Mashine nyingi za okazio zinazofika mu masoko yetu hazikubaliwi na Windows 11, juu ni za zamani. Kwa mwenye mashine kama hiyo, Linux inabaki njia moja ya kuendelea kupata matengenezo ya usalama bila kununua ordinatere nyingine. Tena virusi vingi vinavyotembea ku funguo za USB, kutoka sekretaria moja mpaka nyingine, vilitengenezwa kwa ajili ya Windows. Hapo ndipo watu wengi wanaingia Linux, na shida ya kwanza wanayokuta ni rezo.

Nani anaamua ndani ya mashine?

Ku Ubuntu, Debian, Fedora, Linux Mint na aina zingine nyingi za ordinatere za watu, kuna programu moja inayosimamia rezo zote: NetworkManager. Ilianzishwa na watu wa Red Hat mwaka 2004, wakati mtu alipaswa kuandika amri kila mara anapotoka ku kable kuingia ku wifi. Kazi yake ni kutazama kila mlango wa rezo wa mashine, kukumbuka kila rezo iliyokwisha kuingia pamoja na neno la siri lake, na kuchagua ni wapi intaneti itapita.

Ile alama ya rezo ya kona ya juu ao ya chini ni sura yake tu. Kuna pia njia ya maandishi, ndani ya terminali, na amri yake ni nmcli. Njia hii inafaa kuijua, juu inaonyesha ukweli wote ambao alama inaficha. Amri ya kwanza ni hii:

nmcli device status

Mashine inajibu kwa orodha: kila mlango, aina yake (ethernet ni kable, wifi ni wifi, gsm ni modemu yenye kadi ya simu), hali yake, na jina la rezo iliyounganishwa nayo. Mtu anayeona milango miwili imeandikwa « connected » ao « connecté » kwa wakati mmoja amekwisha kupata nusu ya jibu la shida yake.

Kable inapita mbele ya wifi

Mashine ikiwa na njia mbili, haigawe kazi nusu kwa nusu. Inapa kila njia namba, na njia yenye namba ndogo ndiyo inabeba intaneti. NetworkManager inapa kable namba 100, wifi namba 600, na modemu ya kadi ya simu namba 700. Namba hizo zinaonekana mtu akiandika:

ip route

Mistari inayoanza na neno « default » ndiyo milango ya kutokea. Neno « metric » ku mwisho linaonyesha namba. Wenye namba ndogo ndio unatumiwa.

Sababu ni nzuri: kwa kawaida kable ni mbio zaidi na haikatike-katike sawa wifi. Lakini shida inatokea mu ofisi ndogo. Chukua sekretaria yenye imprimanti moja na ordinatere tatu, zote zimeungwa kwa kable ku kasanduku kamoja ka swichi. Intaneti haipiti ku kable ile. Inatoka ku wifi ya modemu iliyo dirishani. Kama kale kasanduku kanagawa anwani na kanajitangaza kuwa mlango wa kutokea, mashine inaona kable, inaona namba 100, inatuma kila kitu huko, na kila kitu kinakwama. Mtu anachomoa kable, intaneti inarudi, lakini imprimanti inapotea. Anarudisha kable, imprimanti inarudi, intaneti inapotea. Wengine wanaishi vile miezi mizima.

Aina zingine za Linux, kama Ubuntu, zinapima kama njia inafika kweli intaneti, na zinasukuma nyuma ile isiyofika. Zingine hazipimi. Dawa inayofaa pote ni kuambia mashine kwamba kable ile ni ya nyumbani tu. Kwanza mtu anatafuta jina la rezo:

nmcli connection show

Kisha, kama jina ni « Kable ofisi », anaandika:

nmcli connection modify "Kable ofisi" ipv4.never-default yes ipv6.never-default yes
nmcli connection up "Kable ofisi"

Tangu hapo kable inabeba mambo ya imprimanti tu, wifi inabeba intaneti, na hakuna wa kuchomoa kitu.

Simu ku USB: mashine inaiona sawa kable

Huku kwetu, intaneti ya watu wengi ni simu. Kuna njia mbili za kuipatia ordinatere: simu kutangaza wifi yake, ao kuiunganisha kwa kable ya USB. Njia ya USB ina faida: simu inapata shariji wakati ileile, na jirani haoni jina la wifi yako.

Lakini kuna jambo moja watu hawajui. Simu ikiunganishwa kwa USB, Linux haioni simu. Inaona mlango wa kable, na inaupa namba 100. Mtu akiwa ndani ya wifi ya ofisi, ambayo halipi, kisha achomeke simu na kuwasha ugawaji wa intaneti, mashine inaacha wifi ya ofisi na kuanza kula mega za simu. Alama ya wifi inaweza kuendelea kuonekana sawa vile hakuna kilichobadilika.

Kama mtu anataka shariji tu, asiwashe ugawaji ku simu. Kama anataka simu ibaki ya akiba, itumike wakati wifi ya ofisi imeanguka tu, anaipa namba kubwa kuliko 600:

nmcli connection modify "JINA" ipv4.route-metric 800 ipv6.route-metric 800

« JINA » ni lile linaloonekana mu orodha ya rezo wakati simu imeunganishwa. Kisha anazima na kuwasha tena rezo ile.

Kuambia mashine kwamba mega zinalipwa

Linux nyingi zinajitengeneza zenyewe. Ni jambo zuri: tundu la usalama linazibwa bila mtu kufikiri. Lakini matengenezo yanaweza kubeba mamia ya mega kwa siku moja. Ku Ubuntu, programu za aina ya snap, na kivinjari Firefox ni moja wapo, zinatafuta matoleo mapya mara 4 kwa siku. Kwa mtu wa Ulaya mwenye rezo isiyohesabiwa, hilo si kitu. Kwa mwanafunzi wa Butembo aliyenunua forfe ya siku, ni pesa ya chakula.

Kuna alama inayoambia programu zote kwamba njia hii inahesabiwa:

nmcli connection modify "JINA" connection.metered yes

Mtu asiyependa terminali anaipata ndani ya mipangilio ya rezo, pale anapofungua maelezo ya wifi ile: kuna kifungo kinachosema kwamba njia hii ina kipimo ao inalipisha. Ikiwashwa, duka la programu la GNOME haliteremshi matengenezo lenyewe, na matengenezo ya usalama ya Ubuntu yanangojea rezo ingine. Kwa zile snap, inapaswa kuongeza amri moja, mara moja tu:

sudo snap set system refresh.metered=hold

Simu za Android zinajaribu kuwa na heshima: zikigawa intaneti, zinaambia ordinatere kwa siri kwamba njia hii inahesabiwa, na NetworkManager inaelewa. Lakini kale kasanduku ka modemu ka 4G mara mingi hakasemi kitu, na mashine inakaona sawa rezo ya bure. Ndiyo maana watu wanashangaa: ku simu mega zilikuwa zinakaa siku tatu, ku modemu zinaisha asubuhi.

Hapa kuna hatari upande wa pili. Mashine ambayo kila rezo yake imewekwa alama hiyo inaweza kukaa mwaka mzima bila matengenezo. Inafaa mtu achague siku na pahali: ku chuo, ku ofisi, ku rezo ya rafiki mwenye forfe kubwa, ndipo aandike « sudo apt update » kisha « sudo apt upgrade », na aache mashine imalize.

« Rezo iko, lakini intaneti haiko »

Sentensi hii inasikika kila siku, na ni ya kweli. Kuungana na wifi ni kufika ku mlango wa nyumba. Haimaanishe kwamba barabara iko wazi. Badala ya kuzima na kuwasha mashine mara kumi, mtu anaweza kufuata njia kutoka karibu mpaka mbali.

1. Je, mashine imeungana? « nmcli device status » inajibu. Kama ni kable, pia kuna taa ndogo pale inapoingia. Taa ikikufa, kable ao kichwa chake kimeharibika.

2. Je, mlango ni upi? « ip route » inaonyesha, nyuma ya maneno « default via », anwani ya rutere, kwa mfano 192.168.1.1. Kama hakuna mstari wa « default », rutere haikupa mashine anwani. Kuzima na kuwasha wifi kunaweza kutosha.

3. Je, rutere inajibu? « ping -c 4 192.168.1.1 », kwa kuweka anwani iliyoonekana. Kama hakuna jibu, shida mara mingi iko ndani ya nyumba: umbali, ukuta, ao moto umekatika ku rutere. Rutere chache zinakataa kujibu ping, lakini si nyingi.

4. Je, nje kunafikika? « ping -c 4 1.1.1.1 ». Kama rutere inajibu lakini nje hapana, shida haiko tena ku ordinatere. Forfe imekwisha, ao antena ya kampuni imekufa. Hapo mtu anaacha kuhangaisha mashine na anatazama solde yake.

5. Je, majina yanafanya kazi? « ping -c 4 wikipedia.org ». Kama namba zinapita lakini majina hapana, kitabu cha majina ndicho kimekwama, ile inayoitwa DNS. Mtu anaweza kuweka kingine:

nmcli connection modify "JINA" ipv4.dns "1.1.1.1 8.8.8.8" ipv4.ignore-auto-dns yes

Kisha anawasha rezo upya. Asifanye vile ku wifi ya hoteli ao ya cyber yenye ukurasa wa kuingiza kodi, juu ukurasa ule unaweza kukosa kufunguka.

Kuna jambo la sita ambalo si la rezo, lakini linavaa nguo za rezo. Mashine za okazio zina batri ndogo ndani, ya kushika saa. Ikikufa, kila mara moto unapokatika, tarehe inarudi nyuma miaka. Tovuti zenye kufuli, na leo ni karibu zote, zinakataa mashine yenye tarehe ya uongo. Ping inapita, wifi iko sawa, lakini kivinjari kinaonyesha onyo pote. Amri « timedatectl » inaonyesha tarehe. Kuisahihisha ni dakika moja; batri yenyewe inabadilishwa kwa fundi.

Wifi haionekani kabisa

Mbele ya kulaumu Linux, mtu aandike « rfkill list ». Kama pale pa wifi panasema « Soft blocked: yes », ni programu imeizima, na « rfkill unblock wifi » inaifungua. Kama panasema « Hard blocked: yes », kuna kifungo ku ubavu wa mashine ao ku klavie kilichoguswa bila kujua.

Kama wifi haiko hata mu orodha, mara mingi chipu yake inahitaji programu ndogo ambayo haikuingia wakati wa kuweka Linux. Zile za Broadcom zimesumbua wengi. Debian, tangu toleo lake la 12 la mwezi wa 6 mwaka 2023, inaweka nyingi za programu hizo mu diski ya kuanzia. Kwa wengine, simu ku USB ndiyo ngazi: inapa mashine intaneti bila wifi, mtu anateremsha programu inayokosekana, anawasha upya, na wifi inaonekana.

Kugawa intaneti ya kable kwa wengine

Redio, shule ao shirika likiwa na intaneti inayofika kwa kable, ordinatere moja inaweza kuigeuza wifi kwa simu za wengine, bila kununua kifaa:

nmcli device wifi hotspot ssid OFISI password "neno-refu-la-siri"

Neno la siri lazima liwe na herufi 8 ao zaidi. Mashine zinazoingia zinapewa anwani zinazoanza na 10.42. Wifi nyingi za ordinatere haziwezi kupokea na kutangaza kwa wakati mmoja. Ndiyo maana intaneti inapaswa kuingia kwa kable ao kwa simu ya USB. Na anayegawa akumbuke: kila simu inayoingia inaweza kuanza kutengeneza programu zake palepale. Watu watano wanatosha kumaliza forfe ya mwezi kwa saa chache.

Radi

Kable ina adui mmoja ambaye wifi haina. Uchunguzi wa picha za satelaiti uliotolewa mwaka 2016 uliweka eneo la Kabare, mu Kivu Kusini, ku nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Kable ya rezo iliyopita nje, kutoka nyumba moja mpaka nyingine ao kutoka antena ya paa, inaweza kubeba nguvu ile mpaka ndani ya ordinatere, hata kama radi imepiga mbali kidogo. Wengi wanachomoa shariji mvua ikianza na kusahau kable ya rezo. Zote mbili zinapaswa kuchomolewa. Kable ya rezo ya kawaida haivuki meta 100 kwa kazi nzuri. Ikipita nje, fundi aweke kinga ya radi na waya wa udongo.

Majina yanayobaki ndani ya mashine

Kila wifi iliyoingia mara moja inabaki ndani ya mashine na neno la siri lake. Fundi, ao mtu aliyenunua mashine, mwenye kuwa na neno la siri la « sudo » ao anayefungua diski, anaweza kuyasoma bila shida, juu kwa kawaida yanaandikwa wazi. Ndani yake mnaweza kuwa rezo ya nyumba, ya kazi, na ya kituo cha afya.

Tena mashine inaingia yenyewe ku wifi yenye jina inalokumbuka. Kwa wifi isiyo na neno la siri, mtu yeyote anaweza kutangaza jina lilelile barabarani, na mashine itamfuata. Kwa rezo kama hizo za hoteli, za uwanja wa ndege ao za mikutano, inafaa kuzuia kuingia kwenyewe:

nmcli connection modify "JINA" connection.autoconnect no

Na kwa rezo isiyo na faida tena, kuifuta kabisa:

nmcli connection delete "JINA"

Mbele ya kuuza mashine ao kuipeleka ku fundi, « nmcli connection show » inachukua sekunde mbili. Mara mingi mwenye mashine anakuta orodha ndefu kuliko alivyofikiri, na ndani yake maneno ya siri ya watu waliomwamini.